Kukokotoa Uwezekano wa Nyutrino Kubadili Ladha: Mwongozo Kamili kwa Wanafunzi wa Uzamili

Mwanafunzi anayeingia katika fizikia ya nyutrino kwa kawaida huuelewa mlinganyo wa mabadiliko ya ladha (nyutrino ya elektroni, myuoni au tau kugeuka kuwa ya aina nyingine) mapema, lakini anapouandikia programu hupata namba zisizokaribia zile zilizomo katika machapisho. Mara nyingi si fizikia ya kwanta inayomshinda. Kinachomshinda ni vizio, alama za kujumlisha na kutoa, na mpangilio wa herufi mbili zinazoandikwa chini ya matriksi. Makosa haya hayasimamishi programu. Hutoa grafu nzuri yenye majibu yasiyo sahihi, na ndiyo maana huishi muda mrefu.

Kwa sababu hiyo kila hatua hapa chini ina jaribio lenye namba. Usivuke kwenda hatua inayofuata kabla jaribio halijafaulu, hata kama una hakika kwamba kosa haliwezi kuwa hapo.

## Vinavyohitajika

Andaa lugha ya programu inayoshughulikia namba changamano na inayoweza kutafuta thamani maalumu na vekta maalumu za matriksi. Python pamoja na NumPy inatosha kabisa. Andaa pia karatasi na kalamu, kwa sababu hatua mbili za kwanza hufanywa kwa mkono.

Uwe unaifahamu aljebra ya matriksi na mlinganyo wa Schrödinger. Nadharia ya sehemu za kwanta haihitajiki kwa kazi hii.

Mwisho, andika vigezo vifuatavyo mahali pamoja mwanzoni mwa programu. Nimevikadiria kwa makusudi ili ukokotoaji wa mkono uwe mwepesi, na vyote viko karibu na vipimo vya sasa:

- Δm²₂₁ = 7.5 × 10⁻⁵ eV² (tofauti kati ya mraba wa masi ya pili na wa masi ya kwanza)
- Δm²₃₁ = 2.5 × 10⁻³ eV² (mpangilio wa kawaida wa masi, yaani masi ya tatu ndiyo kubwa kuliko zote)
- sin²θ₁₂ = 0.31 (θ ni pembe za uchanganyaji, zinazotumika katika hatua ya 3)
- sin²θ₁₃ = 0.022
- sin²θ₂₃ = 0.5
- δ, pembe ya ukiukaji wa ulinganifu wa CP (ulinganifu kati ya chembe na antichembe), ambayo utaibadilisha mwenyewe

## Hatua ya 1: Weka vizio sawa kwa hesabu yako mwenyewe

Pembe inayotawala kila kitu ni Δ = Δm²L/4E, ambapo L ni umbali na E ni nishati ya nyutrino. Mlinganyo huo umeandikwa katika mfumo ambamo kasi ya nuru na ħ zote ni 1, kwa hiyo hauwezi kupokea kilomita moja kwa moja. Chukua eV² 1, zidisha kwa mita 1000, gawanya kwa 4 × 10⁹ eV, kisha gawanya kwa ħc, ambayo ni 1.973 × 10⁻⁷ eV·m. Utapata 1.267, na mlinganyo wa kutumia unakuwa:

Δ = 1.267 × Δm² × L / E, kwa eV², kilomita na GeV.

Nasisitiza uipate namba hiyo mwenyewe kwa sababu katika hatua ya 4 utahitaji mara mbili yake, yaani 2.534, na aliyeinakili 1.267 bila kujua ilikotoka hukosea hapo karibu kila mara. Ukitumia mita na MeV, namba hubaki ile ile. Ukichanganya kilomita na MeV, inakuwa 1267.

Onyo. Pembe hii iko katika radiani. Kwa jaribio la T2K la Japani, lenye umbali wa kilomita 295 na nishati ya GeV 0.6, Δ inayotokana na Δm²₃₁ ni 1.557 na sin²Δ ni 0.9998. Kikokotoo kilichowekwa kwenye digrii kitakupa 0.0007, na utadhani nyutrino hazibadiliki kabisa.

Umefaulu ukipata 1.65 kwa jaribio la DUNE la Marekani (kilomita 1300, GeV 2.5), na 4.28 kwa jaribio la KamLAND la Japani ukitumia Δm²₂₁ (kilomita 180, MeV 4). Kwa jaribio la JUNO la China, ambalo liko kilomita 52.5 kutoka kwenye vinu vya nyuklia, tumia MeV 4: Δm²₂₁ itatoa 1.25, na Δm²₃₁ itatoa 41.6. Uangalie vizuri utofauti wa namba hizi mbili za JUNO, kwa maana uwezo wa jaribio hilo kutambua mpangilio wa masi unatokana na mawimbi ya haraka yanayopanda juu ya wimbi moja la polepole.

## Hatua ya 2: Anza na ladha mbili

Kwa ladha mbili, uwezekano wa kubadilika ni P = sin²2θ × sin²Δ. Ni makadirio tu, lakini hukuonyesha mahali pa kutazamia kilele: Δ ikiwa π/2. Kwa Δm²₃₁, kilele cha kwanza cha umbali wa kilomita 295 kinaangukia karibu na GeV 0.595, ndiyo maana boriti ya T2K ina kilele cha nishati karibu na GeV 0.6. Kwa antinyutrino za MeV 4 kutoka kwenye kinu, kilele kiko karibu na kilomita 2, na huo ndio ukubwa wa umbali uliochaguliwa na jaribio la Daya Bay la China lililopima θ₁₃.

Onyo. Machapisho mengine huripoti sin²θ na mengine sin²2θ. Kwa θ₁₃ ni 0.022 dhidi ya 0.086, tofauti inayoonekana kwa urahisi. Kwa θ₂₃ hatari hujificha zaidi, kwa kuwa sin²θ₂₃ ya 0.45 na ya 0.55 zote hutoa sin²2θ₂₃ ya 0.99. Programu inayopokea sin²2θ imekwisha kupoteza habari ya upande gani wa digrii 45 pembe hiyo ipo. Pokea sin²θ peke yake.

## Hatua ya 3: Jenga matriksi ya uchanganyaji

Nyutrino huzaliwa na kugunduliwa kwa ladha, yaani elektroni, myuoni au tau, lakini husafiri kama hali tatu za masi. Matriksi U, inayojulikana kwa herufi PMNS, ndiyo inayounganisha seti hizo mbili. Ijenge kwa kuzidisha matriksi tatu kwa mpangilio huu: mzunguko wa 23, kisha mzunguko wa 13 wenye δ, kisha mzunguko wa 12. Usichape vipengele tisa kimoja kimoja. Alama moja ya kutoa ikikosewa katika safumlalo ya tau, unaweza kufanya kazi kwa miezi bila kuigusa safumlalo hiyo.

Linganisha tu na vipengele hivi, ambapo s na c ni sini na kosini:

- U_e1 = c₁₂c₁₃, U_e2 = s₁₂c₁₃, U_e3 = s₁₃e^(−iδ)
- U_μ2 = c₁₂c₂₃ − s₁₂s₂₃s₁₃e^(+iδ), U_μ3 = s₂₃c₁₃

Onyo. Tazama alama ya δ: ni ya kutoa katika U_e3 na ya kujumlisha katika U_μ2. Ukiitumia alama moja mahali pote pawili, matriksi haitakuwa yunitari tena.

Umefaulu ikiwa miraba ya ukubwa wa vipengele katika safumlalo ya elektroni ni 0.675, 0.303 na 0.022 kwa δ yoyote, na katika safumlalo ya myuoni ni 0.231, 0.280 na 0.489 kwa δ = 0. Kisha zidisha U kwa U†, yaani U iliyopinduliwa safu zake na kugeuzwa alama za sehemu zake dhahania. Lazima upate moja kwenye ulalo na sifuri kwingineko, kwa usahihi wa angalau tarakimu 12. Tofauti ya 0.001 si kosa la ukadiriaji wa kompyuta. Ni kosa lako.

## Hatua ya 4: Kokotoa amplitudi kwanza, uwezekano baadaye

Vitabu vingi hutoa mlinganyo mrefu wenye sehemu halisi, sehemu dhahania na alama zinazobadilika kulingana na aina ya chembe. Ni sahihi, lakini ni mahali pabaya pa kuanzia programu, kwa kuwa una nafasi nyingi mno za kukosea alama bila kujua. Napendekeza uijumlishe amplitudi yenyewe:

A(α→β) = Σ U*_αi × U_βi × exp(−i × 2.534 × Δm²_i1 × L / E)

Jumla inapita juu ya i = 1, 2, 3, na Δm²₁₁ ni sifuri. Uwezekano ni mraba wa ukubwa wa A. Kinachotumika ni 2.534 kwa sababu amplitudi hubeba pembe 2Δ. Ile nusu hurudi yenyewe unapochukua mraba.

Nyota, yaani kugeuza alama ya sehemu dhahania, iko kwenye ladha ya mwanzo, α; β ni ladha ya mwisho. Ukiihamishia kwenye β, utakuwa umegeuza alama ya δ, na hakuna jaribio la jumla ya uwezekano litakalokuambia, kwa kuwa jumla bado itakuwa 1. Hili ndilo kosa ninaloliogopa zaidi katika kazi nzima, kwa sababu mwanafunzi huweza kutangaza kwamba data inapendelea digrii +90 huku ikipendelea −90.

Umefaulu ukipata namba hizi za myuoni kwenda elektroni, kwa kilomita 295 na GeV 0.6, bila maada:

- δ = −90°: 0.0564
- δ = 0: 0.0444
- δ = +90°: 0.0314

Zikikujia za kwanza na za tatu zimebadilishana, nyota iko mahali pasipo pake. Zikipishana kwa tarakimu ya nne tu, huenda umetumia 1.267 au 1.26693; hilo halina madhara.

Ongeza majaribio matatu ya haraka. Weka L = 0, na kila ladha ibaki ilivyo. Ongeza kiasi kimoja kwenye miraba yote mitatu ya masi, na P isibadilike, kwa kuwa mabadiliko ya ladha hayaijui masi yenyewe bali tofauti zake tu. Kisha zidisha safuwima nzima ya pili ya U kwa e^(iφ) yenye φ yoyote. P lazima ibaki ile ile. Jaribio hili la mwisho lina maana ya kifizikia: φ ni mojawapo ya pembe za Majorana, na hakuna jaribio la mabadiliko ya ladha linaloweza kuipima. Programu yako ikiiona φ, imekosea.

Neno moja kuhusu mpangilio wa masi. Katika mpangilio kinyume Δm²₃₁ ni hasi, na baadhi ya majedwali hukupa Δm²₃₂ badala yake. Kumbuka kwamba Δm²₃₁ = Δm²₃₂ + Δm²₂₁ katika mipangilio yote miwili. Utofauti wa asilimia 3 huonekana mdogo, lakini kwa JUNO, yenye pembe ya 41.6, asilimia 3 ni zaidi ya radiani 1.2.

## Hatua ya 5: Antinyutrino

Badilisha U kwa U*, basi. Katika ombwe hilo ni sawa na kugeuza alama ya δ, kwa hiyo antinyutrino yenye δ = −90° itakupa 0.0314. Uwezekano wa ladha kubaki ile ile, kwa mfano myuoni kwa myuoni, lazima uwe sawa kwa nyutrino na antinyutrino katika ombwe; usipokuwa sawa, rudi hatua ya 4.

## Hatua ya 6: Ingiza maada ya Dunia

Nyutrino za elektroni hupita kwenye maada tofauti na wenzao, kwa kuwa ndizo pekee zinazoweza kubadilishana bozoni W na elektroni za kawaida zilizomo njiani. Athari hii huongeza kiasi kimoja tu kwenye hesabu:

a = 1.52 × 10⁻⁴ eV² × Yₑ × ρ × E

Hapa ρ ni msongamano kwa gramu kwa sentimita moja ya ujazo, E ni GeV, na Yₑ ni idadi ya elektroni kwa kila nyukleoni, karibu 0.5 katika miamba. Kabla ya kuandika programu, linganisha a na Δm²₃₁ ili ujue kama unastahili kuhangaika. Kwa tabaka la juu la Dunia lenye ρ = 2.8, uwiano huo ni 0.05 kwa T2K, 0.17 kwa jaribio la NOvA la Marekani lenye kilomita 810 na GeV 2, na 0.21 kwa DUNE. Kwa vinu vya nyuklia vyenye umbali mfupi ni mdogo mno.

Sasa jenga matriksi M kwa msingi wa ladha: chukua matriksi ya ulalo yenye 0, Δm²₂₁ na Δm²₃₁, izidishe kwa U upande wa kushoto na kwa U† upande wa kulia, kisha ongeza a kwenye kipengele cha elektroni kwa elektroni peke yake. Tafuta thamani maalumu λ na vekta maalumu W za M kwa kutumia njia ya matriksi za Hermite; katika NumPy ni eigh, si eig, kwa sababu eig haihakikishi kwamba vekta zitakuwa na pembe mraba baina yao. Halafu:

S = W × exp(−i × 2.534 × λ × L / E) × W†

Uwezekano wa α kwenda β ni mraba wa ukubwa wa S_βα. Ladha ya mwisho huandikwa kwanza. Ukisoma S_αβ utakuwa umefanya kosa la nyota la hatua ya 4 kwa sura nyingine.

Mabadiliko makubwa hutokea pale a inapokaribia Δm²₃₁ × cos2θ₁₃. Kwa ρ ya 2.8 hilo huwa karibu na GeV 11, na kwa msongamano wa 4.5, unaofanana na ule wa tabaka la kati la Dunia, huwa karibu na GeV 7. Ili uhisi athari hiyo mapema, tumia ladha mbili:

sin²2θ katika maada = sin²2θ ÷ [sin²2θ + (cos2θ − a/Δm²)²]

Kwa uwiano wa DUNE, 0.086 ya ombwe inapanda hadi 0.135 kwa nyutrino na kushuka hadi 0.059 kwa antinyutrino. Katika mpangilio kinyume, mambo hayo mawili hubadilishana. Huu ndio msingi wa mpango wa DUNE wa kutambua mpangilio wa masi.

Onyo. Kwa antinyutrino geuza vyote viwili: U iwe U*, na a iwe −a. Anayegeuza kimoja tu hupata namba zinazoaminika kabisa, na hapo ndipo penye hatari. Kumbuka pia kwamba maada hutofautisha nyutrino na antinyutrino hata δ ikiwa sifuri, kwa hiyo tofauti hiyo peke yake si ushahidi wa ukiukaji wa CP.

Umefaulu ikiwa kwa ρ = 0 unapata namba za hatua ya 4 hadi tarakimu ya mwisho. Kisha gawa njia ya kilomita 1300 katika vipande kumi vyenye msongamano mmoja, zidisha matriksi S za vipande hivyo, na ulinganishe na hesabu ya kipande kimoja. Zikilingana, unaweza kutumia vipande vyenye misongamano tofauti. Kipande cha kwanza kwenye safari kiwe upande wa kulia kabisa wa zao.

## Hatua ya 7: Chukua wastani kama kigunduzi kinavyouona

Hakuna kigunduzi kinachoona nishati moja kamili. Pima uwezekano kwa nishati nyingi, uzidishe kila mmoja kwa mtiririko wa nyutrino, eneo la mgongano na ufanisi wa kigunduzi, ndipo ujumlishe. Usichukue wastani wa nishati na kuuingiza kwenye mlinganyo mara moja. Sini ya wastani si wastani wa sini.

Nyutrino ya GeV 1 iliyovuka kipenyo cha Dunia, karibu kilomita 12,742, ina Δ ya radiani 40 ukihesabu kana kwamba hakuna maada, kwa hiyo mabadiliko ya asilimia 1 ya nishati huisogeza kwa radiani 0.4. Gridi yenye hatua pana itakuchorea mawimbi ya uongo. Weka nukta kwa nafasi sawa za 1/E, si za E, kwa kuwa Δ hukua kwa 1/E.

Umefaulu ikiwa wastani wa elektroni kubaki elektroni katika ombwe, kwa umbali mkubwa sana, unatulia kwenye 0.548, ambayo ni jumla ya |U_ei| kwa kipeo cha nne.

## Hatua ya 8: Jua lina hesabu yake

Wengi hujaribu kuingiza umbali wa Jua katika mlinganyo wa hatua ya 4. Usifanye hivyo. Msongamano ndani ya Jua hupungua taratibu kiasi kwamba nyutrino hubaki katika hali ile ile ya masi ya papo hapo hadi inapotoka, na pembe za mawimbi hupotea kabisa kabla ya kufika kwetu. Tumia:

P = c₁₃⁴ × ½(1 + cos2θ₁₂ × cos2θ_m) + s₁₃⁴

Pembe θ_m ni ile ya maada mahali nyutrino ilipozaliwa. Ipate kwa mlinganyo wa ladha mbili wa hatua ya 6, ukitumia θ₁₂ na Δm²₂₁, lakini hapa chukua kosini yake pamoja na alama yake: cos2θ_m ni (cos2θ₁₂ − a/Δm²₂₁) ikigawanywa kwa kipeuo cha pili cha kile kilichomo ndani ya mabano makubwa.

Katikati ya Jua, ambako ρ ni karibu 150 na zao la ρ na Yₑ ni karibu 100, a hulingana na Δm²₂₁ × cos2θ₁₂ kwa nishati ya karibu MeV 2. Nyutrino za boroni-8 zenye MeV 10 ziko juu sana ya mpaka huo, na hesabu hutoa takriban 0.32. Zile za pp (za muungano wa protoni mbili) zenye MeV 0.3 ziko chini yake, na hutoa takriban 0.54, karibu kabisa na 0.548 ya hatua ya 7. Ukiweka a = 0 lazima upate 0.548 yenyewe, ukipata 0.57, umesahau c₁₃⁴.